Thumni ya Moto

Nimechonga meno ya watu miaka ishirini na sita,
Bombo kwanza, kisha chumba changu Barabara ya Kumi na Nne:
magego, mapengo, taya za maharusi na za wajane.
Nilipofunga duka, tanuri ndilo nililobaki nalo,
dogo, la ukubwa wa redio.
Sasa linaoka nanga.

Udongo wenyewe hauna ajabu ukiutazama:
unga wa shaba, gundi, maji kidogo,
rangi ya halua ya juzi.
Unaukanda upesi,
feni ikiwashwa tu unapasuka midomo.
Kinyozi wa jirani akachungulia:
"Bi Sikudhani, wapika nini kisicholiwa?"
Nikamwambia: vileti.

Vileti viwili, kapi sita,
kengele isiyozidi punje ya mbaazi,
rafadha ya mapanga matatu.
Ni oda ya Hemedi Shekigenda wa Mwanzange,
aliyevuta meli kwa tagi bandarini
mpaka mgongo ukamgomea.
Sasa anaijenga upya kwa mkangazi,
urefu wa mkono mmoja,
juu ya meza ya chakula.
Mkewe anakula jikoni.

Mara ya kwanza tulikosana kwa hesabu.
Yeye mtu wa mbao:
ubao uliopimwa jana, leo ni uleule.
Akaniandikia vipimo nyuma ya pakiti ya sigara,
nikavifuata kama dozi.
Nikavizika vipande ndani ya mkaa wa vifuu,
nikafunika, nikaomba Luku isiishe usiku.
Asubuhi nikachakura mkaa uliopoa.
Shaba ilikuwa shaba, ukiigonga kwenye sahani inalia,
lakini kapi hazikupitisha hata uzi wa kushonea,
na mhimili ulikataa katakata kuingia kwenye rafadha.

"Umeniibia," akasema Hemedi.

Si mimi. Moto nao una thumni yake.
Gundi inaungua, inaacha nafasi,
chembe zinasogeleana
kama watu mkekani akija mgeni.

Akanyamaza. Akatoa kalamu sikioni,
akaandika upya kila kitu, akizidisha,
akitikisa kichwa kila mstari
kama anayelipa deni la mtu mwingine.

Mwezi wa pili nilikwenda kusajili laini ya simu.
Mashine ilikikataa kidole changu mara saba.
"Bonyeza vizuri, mama."
"Futa mkono, bonyeza tena."
Kijana akakishika mwenyewe, akakibana kama jipu.
Wapi.
Plasta na msasa vimeilamba mistari yote.
Nikarudi nyumbani mtu asiyesajilika.

Juzi sasa, napiga tupa ubavu wa nanga,
lenzi ya fundi saa jichoni,
nikafika pale nilipoibana ikiwa ingali laini.
Mistari.
Hafifu, lakini mistari,
duara ndani ya duara,
na kovu la kisu cha nta likikatiza katikati.
Dole gumba langu, kasoro thumni.
Nikalitazama mpaka jicho likatoa machozi ya kukodoa.
Lilikuwa dogo mno kuwa langu.
Kidole cha msichana wa miaka minane, tisa,
yule wa Pongwe, nyuma ya choo cha makuti,
aliyefinyanga vyungu vya tope
akachapwa kwa ajili ya gauni la Idi.
Sikumbuki hata kimoja kilichokauka bila kupasuka.

Niliinua tupa.
Nikaiweka chini.

Hemedi alipokuja alitaka nanga ing'ae.
Akaigeuza kiganjani, akaisugua kwa ukucha:
"Hapa kuna uchafu."
Kwingine kote, nikamwambia, ng'arisha upendavyo.
Hapo paache.
Akanitazama, akaitazama nanga, akanitazama.
"Basi nipunguzie bei."

Nikampunguzia thumni.