Digrii Kumi na Moja Kushoto

Mwalimu Helju alileta gari Jumanne,
theluji ya kwanza imelala juu ya paa kama unga usiochekechwa.
Akashuka kiwiliwili kizima, kama kabati linalopitishwa mlangoni,
akasema, bila salamu:
"Kaupo, shingo yangu imefunga duka."

Pingili zimeshikana. Daktari wa Tallinn alimwonyesha picha:
uliokuwa mnyororo sasa ni fimbo.
Akarudi kisiwani, akajipima mwenyewe mbele ya kioo cha bafuni
kwa kile kipimapembe cha mbao cha ubaoni.
Digrii kumi na moja kushoto. Kulia sita.
"Sita na nusu," alisema, "nikiamka vizuri."

Darasani tulimwita Shingo Ngumu.
Mungu anisamehe, jina lile nililitunga mimi,
mwaka niliofeli jometri mara mbili.

Miaka minne shingo yake ilikuwa mumewe.
Endel alikaa kulia, kofia magotini,
na pale njia panda ya Käina, ambapo barabara ya bandarini
inaingia kwa mshazari, pembe kali kama kisu cha samaki,
yeye ndiye aliyegeuka, akatazama, akasema:
"Wazi."
Na mkewe akakanyaga mafuta.
Endel tulimzika Agosti.

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za vioo,
kamera, vidude vinavyolia.
Hakutaka maelezo. Alitaka chaki.

Akaketi kwenye usukani, akafunga mkanda,
akaniamuru nilizunguke gari
nimebeba ufagio wenye utepe mwekundu kichwani.
"Nakuona. Nakuona. Nakuona. Umepotea."
Pale nilipopotea nikachora msalaba sakafuni.
Hatua moja. "Bado umepotea." Hatua nyingine.
Nusu saa nzima nikipotea na kupatikana,
mtu mzima wa miaka hamsini na miwili,
na ufagio, ndani ya gereji yangu mwenyewe,
hata mbwa akatoka nje kwa aibu.

Tulipounganisha misalaba ikawa pembetatu,
kubwa, kulia kwa nyuma,
ingemeza lori la maziwa na baiskeli tatu.
Sisi mafundi huiita pembe kipofu.
Hawezi kuinama, kwa hiyo aliitazama
kupitia kioo kidogo cha mkobani.
"Kumbe," alisema, "hii yote ilikuwa yake."

Kisogo hakina macho; tukakipa.
Kioo cha ndani nikakirefusha kutoka nguzo hadi nguzo.
Kamera nikaificha juu ya namba ya gari.
Kiti nikakiinua sentimita mbili, nikakisogeza nyuma kidogo,
na kulia nikaweka kioo cha mbinuko, nikamwonya:
hiki ni mwongo mpole, kilicho karibu hukifanya cha mbali.
"Kwa uwiano gani?" akauliza.
Sikujua. Akaukokotoa nyuma ya risiti yangu.
Kidude cha kulia alikikataa. "Nimefundisha miaka arobaini,
kelele ninazo za kutosha."

Ijumaa tukaenda njia panda. Nilikaa kulia.
"Ukigeuza shingo," alisema, "nakufelisha mara ya tatu."
Basi nikatazama mbele: mireteni, theluji, mikono yangu.
Akasoma vioo kimoja kimoja
kama anayesahihisha madaftari.
Kioo kitupu. Kamera tupu. Hakuondoka.
Nyuma yetu mtu akapiga honi.

Neno nililijua. Lilikuwa ulimini, limeiva.
Nikalimeza.

Sijui alihesabu hadi ngapi.
Gari likaondoka taratibu, likaingia barabarani,
na hatukusemezana hadi kituo cha mafuta, ambapo alisema
kioo cha kushoto kimezidi digrii mbili, nikirekebishe.

Chaki sijaifuta. Magari mengine
yanaegeshwa juu yake, yanaidondoshea oili.
Jana mbwa alilala katikati ya ile pembetatu,
usingizi mzito, miguu juu.
Nikamzunguka na ufagio.