Mizani ya Mtongwe

Manowari mpya imeingia asubuhi,
ya kijivu, kimya, ndefu kuliko mtaa wetu.
Bendi ikapiga. Hata mimi nilitoka zahanati
na glavu mkononi, nikapiga vigelegele:
mwanangu Shekue yumo, safu ya pili,
kola nyeupe, shingo ya babake.

Wasiseme sijui bei ya usalama.
Mwaka ule meli zilipoiogopa bahari yetu
unga ulipanda, na makuli wa Kilindini
walicheza bao mchana kutwa, mifuko mitupu.
Mlango usio na komeo
humwalika asiyebisha hodi.

Lakini njoo ndani.
Mizani ya watoto imekwama kwenye kilo tatu
tangu Ramadhani ya mwaka juzi.
Kila azaliwaye Mtongwe ana kilo tatu.
Mnono, kilo tatu.
Pacha wa Mbeyu, walioenea kiganjani, kilo tatu.
Nimeandika barua nne. Jibu moja: bajeti.

Basi nawapima kwa mikono
kama bibi zetu walivyopima samli.
Mkono wangu haudanganyi,
ila hauna muhuri.

Jioni Shekue akanipitia, viatu vinang'aa.
"Mama, umeiona?"
Nimeiona, mashaallah. Tani ngapi?
Akanitajia kwa fahari, hadi ratili ya mwisho.
Nikampa pacha mmoja ampakate.
"Na huyu?"

Akasimama naye muda mrefu,
mlinzi wa bahari,
asijue mikono aiweke wapi.