Onja Kwanza

Hapa Isevya asali haiuzwi kwa picha.
Mama Kashindye anakupa kijiti, unachovya, unalamba;
ukiona imezidi moshi, au ina ladha ya sukari guru,
unasema asante, unakwenda zako,
naye hanuni.

Mimi nauza dakika.
Runinga tatu, pedi saba, mbili zimekazwa kwa mpira wa baiskeli,
mia tano mechi moja, aliyefungwa ampishe mwenzake.
Miaka kumi na mmoja nimekalia stuli hii,
kwa hiyo nikisema watengeneza gemu wamenichosha
sisemi kwa kusikia.

Zamani nilinunua sidii kuukuu pale stendi,
ina mkwaruzo kama kovu la kisu.
Nikaipaka dawa ya meno, nikaifuta kwa kanga ya dada,
ikacheza hadi mwisho. Mwisho wenyewe!
Jitu la mwisho likaanguka, majina yakapanda,
nikatoka nje nikakuta kumekucha,
treni ya Kigoma inapiga honi,
na duniani hakuna aliyenidai kitu.

Sasa hivi nunua uone.
Kasha jepesi, ndani kikaratasi.
Unaambiwa: shusha kwanza gigabaiti tisini.
Tisini, kwa bando!
Nilianza Jumatatu usiku wa manane,
Alhamisi ikafika asilimia arobaini na moja, luku ikakata,
ikaanza upya kama mtoto aliyesahau hesabu.

Na ilipotimia, nikakuta timu nusu.
Kipa mzuri yuko dukani.
Uwanja wa mvua uko dukani.
Jezi nyeusi, dukani, wiki hii tu, harakisha,
saa inahesabu kurudi nyuma.
Yaani ununue jogoo Soko Kuu,
ufike nyumbani uambiwe mapaja yanalipiwa kila mwezi.

Ile ya mbio za magari ndiyo imekufa kabisa.
Wamezima mitambo yao huko waliko.
Kumbe sikuwa nimenunua, nilikuwa mpangaji,
na mwenye nyumba hajui hata Tabora iko wapi.

Lugendo fundi simu huwatetea:
"Gharama, kaka. Kuna watu wanalipwa kuchora nyasi tu."
Najua. Niliwahi kusimama katikati ya mechi
nikitazama upepo unavyozilaza nyasi zile,
nikafungwa mabao mawili, wateja wakanicheka.
Mchoraji wa nyasi sina ugomvi naye.
Ugomvi wangu ni na anayeng'oa goli uwanjani
akaliuza peke yake.

Mihayo wa darasa la sita alikuja na simu ya mama yake,
namba ya siri ameiiba kwa kutazama kidole.
Alitaka kasha la bahati: elfu tano, hujui kilichomo.
Nikamwambia kamari ikivaa jezi bado ni kamari.
Akaenda Ng'ambo, ambako hawaulizi.
Kesho yake mama yake akaja kwangu,
maana kibanda anachokijua ni hiki.
Alisimama mlangoni, simu mkononi, hakupiga kelele.
Afadhali angepiga.

Wala nisijifanye mtakatifu.
Mwezi wa nane, saa tisa usiku, peke yangu,
nililipia ile jezi nyeusi. Elfu nane na mia tano,
hela ya mkaa.
Nikamvalisha mshambuliaji wangu
akakosa penalti
kwa umaridadi mkubwa.

Tangu hapo nimeandika ukutani kwa chaki:
HAPA HATULIPII GEMU AMBAYO HAIJATOKA.
Chaki inafutika kwa migongo ya watoto, naandika tena.

Jana Mihayo amerudi, ana mia tano, ya halali nadhani.
Nikamwekea ile ya mkwaruzo.
Akacheza kimya. Kisha, bila kugeuka:
"Hii ina mwisho?"
"Inao."
"Halafu?"
"Halafu unakwenda nyumbani."