Visanduku Vitatu

Fomu ina visanduku vitatu na kalamu ninayo moja.
Nchi Kavu. Anga. Wanamaji.
Andika 1, 2, 3 kwa kadiri ya upendeleo wako,
na chini yake, kwa herufi ndogo kama sisimizi:
mwombaji hatapewa fomu nyingine.

Nimekaa juu ya robota la tumbaku, ghalani, Urambo,
kwa sababu nyumbani kila mtu ana namba yake.

Mama anataka Nchi Kavu iwe ya kwanza.
"Wanaochukuliwa huko ni wengi," anasema,
"na mwenye njaa haulizi ugali ni wa mtama au wa mahindi."
Kaka Ntemi anasema Anga,
yeye anayepanda ngazi ya bani amefumba macho.
Mtendaji wa kata, Bwana Lutambi,
ambaye bila barua yake bahasha ni karatasi tu,
aligonga muhuri mara mbili, wa kwanza ulipauka,
akaninong'oneza kama anayeuza njia:
"Binti, usiandike unachokitaka.
Andika wanachokikosa."

Sasa, baba yangu alikuwa mchambuzi wa majani.
Miaka kumi na tisa alikaa pale dirishani
akilikunjua jani juu ya goti kama barua:
la juu, la kati, la chini ya shina,
la chungwa, la limau, lenye doa.
Alilinusa, akalisugua, akalitupa kwenye fungu lake.
Jani halikuulizwa.
Siku ya soko mteuzi akapita na chaki
akaifuta hesabu ya baba kwa neno moja,
daraja la kwanza likalala la nne,
na ada yangu ya muhula ikalala nalo.

Kwa hiyo nauliza, kalamu ikiwa hewani:
leo ndiyo mara ya kwanza jani kupewa chaki,
au ni mchezo uleule, ila safari hii
najichambua mwenyewe, niwapunguzie kazi?

Nikiandika Wanamaji 1, wataniuliza kwenye usaili:
umewahi kuiona bahari?
Nitasema nimeliona bwawa la Igombe,
siku moja, na shule,
nikatoka majini midomo imebadilika rangi
na mwalimu Kasonso analia, akidhani nimezama,
kumbe nilikaa chini kwa hiari yangu, nikihesabu.
Nilifika sabini na mbili.
Hilo si jibu la usaili.
Ndilo nililonalo.

Nikiandika 2, watanuna kama mposaji
aliyesikia kwamba barua ya mwenzake ilitangulia.
Nikiandika 3, nitakuwa nimesema uongo kwa namba,
na namba hazina aibu, zitakaa pale
hata nikishazisahau.

Nilijaribu kwanza kiganjani,
moja huku, moja kule.
Jasho likazifuta zote isipokuwa ile ya maji.
Sitasema jasho halina upendeleo.
Ile nilikuwa nimeikandamiza.

Basi. Wanamaji, 1.
Nchi Kavu, 2, kwa ajili ya mama na mtama wake.
Anga, 3. Ntemi ataninunia mpaka Jumapili.

Bahasha imeondoka na basi la alfajiri kwenda Tabora mjini,
imelala mapajani mwa kondakta, kando ya dumu la asali.
Vumbi lilipotulia ndipo nikakumbuka:
moja yangu, tangu darasa la pili, ina pua ndefu.
Mwalimu aliwahi kuizungushia wino mwekundu,
akaandika pembeni: hii ni moja au saba?

Visanduku ni vitatu.
Watajua tu.

Watajua?