Wino wa Nyongo

Jumanne milima ya Otterburn hukohoa.
Bendera nyekundu hupandishwa, barabara hufungwa,
mizinga ya mazoezi ikapiga mabonde yasiyo na mtu.
Huku Rothbury vikombe hutetemeka kidogo kabatini.
Mara ya kwanza nilijikuta chini ya meza,
paji la uso sakafuni, nikihesabu.
Winifred Robson hakuniuliza kitu.
Alizima redio, akaketi chini karibu nami
na magoti yake ya miaka sabini na moja,
akaendelea kunoa patasi.

Nilikuja kwake kufagia, saa nne kwa wiki.
Sasa nazungusha gurudumu la mashine ya chapa,
ile nzito iliyoingizwa chumbani kwa kubomoa ukuta
na ambayo, anasema, itamzika yeye na nyumba.

Wino wa kuchorea tunautengeneza wenyewe.
Oktoba tunashuka mtoni, kwenye mialoni,
kuokota vinundu vigumu kama gololi.
Nyigu mdogo kuliko punje ya ulezi
hudunga chipukizi, hutaga, huenda zake;
mti haumfukuzi mtu:
humjengea mwana wa adui chumba cha duara.
Aliponitajia jina la vinundu nikatafuta kwenye simu,
nikacheka peke yangu. Nyongo.
Kumbe na mti unayo!
Tunaisaga, tunailoweka,
tunatia siki na chuma chenye kutu:
misumari, seng'enge ya zizi la kale,
na kipande cha kombora
alichokiokota kaka yake Alec akichunga kondoo,
kabla hajaokota cha pili.

Ukiwa mbichi una rangi ya chai ya mgonjwa.
Unachora, huoni kitu. Ngoja.
Hewa inaugusa, unakasirika polepole,
hadi asubuhi mstari ni mweusi tii
na hautoki kwa sabuni wala kwa limau.
Uliza vidole vyangu.

Kwa wino huo huchora miiba,
nyasi zilizolazwa upande mmoja,
shimo la bomu lililojaa maji na viluwiluwi,
na sululu.
Nikamwambia: kwa lugha yangu sululu ni ndege huyu
mwenye mdomo uliopinda,
na sululu ni chuma cha kuchimbia.
"Kuchimbia nini?"
Viazi, nikasema. Msingi wa nyumba.
Alingoja la tatu.
Sikumpa.

Februari, theluji ikiwa imeziba mlango,
akanisukumia kipande cha lino, upana wa kiganja.
"Chonga chochote."
Nilichonga Ruzizi, kutoka juu hadi chini.
Kushoto nyumba yetu, bati na mlango,
na mama mlangoni: alama tano tu za patasi,
ya sita iliteleza ikanikata kidole gumba.
Kulia sikuchonga kitu.
Upande ule tuliufikia usiku,
na usiku hauchongwi, huachwa.

Nikaviringisha rola, nikalaza karatasi,
nikazungusha gurudumu kama ninavyolizungusha kila siku
kwa ajili ya miiba ya mwingine.
Kisha nikafunua pembe.

Nilikuwa nimesahau. Au mkono ulikumbuka zaidi yangu.
Chapa hugeuza.
Mto uleule, lakini nyumba iko ng'ambo,
kulia, bati likimeta,
na mama, ambaye hakuvuka,
amesimama ng'ambo mlangoni
kana kwamba alitangulia kutuandalia mahali pa kulala.
Usiku wote umebaki kushoto.

Winifred alivua miwani, akaifuta kwa aproni, akaichafua zaidi.
"Mara ijayo," alisema, "chora kwanza kwa kioo.
Vitakaa mahali pake."
Nikasema ndiyo.

Nje mizinga ilianza, kikombe kikajibu.
Niliibana karatasi kwenye kamba kwa vibanio vya nguo,
nikapaka wino tena, bila kioo,
nikachapa ya pili.