Alama Nane

Theluji haina miadi. Kwa hiyo nasubiri
ndani ya gari, injini ikinguruma chini kwa chini,
jembe la chuma limeinuliwa mbele kama kidevu cha mbishi,
saa tisa usiku, nje kidogo ya Vardø,
na kwenye simu yenye ufa pembeni
nafungua ubao wa sataranji.

Nilianza Novemba, jua lilipoaga.
Mwanangu Eilif alinisajili, akaniwekea picha ya glavu,
akasema: Mama, usiogope, wote huko ni wanagenzi.
Wanagenzi! Mmoja alinimaliza kwa hatua nne.
Nikadhani bahati. Nikarudi. Hatua nne zilezile,
askofu kwa mbali, malkia kwa karibu,
na mfalme wangu kasimama mlangoni na nguo za kulalia.

Michezo kumi na mmoja nilipoteza mfululizo.
Alama zikashuka kama kipimajoto:
mia sita, mia tano na ushei, mia nne na kumi na mbili.
Malkia nilimtoa mapema mno,
kama anayezoa makaa kwa kikombe cha kaure.
Farasi nikawasahau zizini.
Na kidole, ah, kidole changu hiki!
Kinagusa kwanza, jicho linafika baadaye kuomba radhi.

Dawa sikuipata kitabuni. Niliipata barabarani.
Miaka kumi na tisa naendesha jembe hili,
na kabla ya kila kona huiuliza kona:
umeficha nini? Gari lililotelekezwa? Kulungu?
Mlevi wa Jumamosi?
Usiku mmoja, malkia wangu keshaliwa tena,
nikajicheka: Gunnvor, kona unazihoji,
mbona watu huwahoji?

Tangu hapo mikono naikalia.
Kweli, naikalia, kama mtoto kanisani.
Akisogeza tu, namuuliza: wataka nini, wewe?
Askari huyu wa pembeni katumwa na nani?
Aghalabu hanijibu.
Au jibu naliona nikishakufa.
Lakini wiki ile nilishinda mara mbili,
na mara moja, nina malkia wawili dhidi ya mfalme mtupu,
nikambana hata akakosa pa kukanyaga
bila mtu kumgusa, na simu ikatamka: sare.
Malkia wawili! Eilif alicheka hadi akamwaga maziwa.

Juzi nikapangiwa mtu wa Peru.
Jina lake nililitafutia maana: mwokaji.
Kwake ilikuwa saa tatu usiku. Nikamwona, au nilijifanya kumwona,
donge la unga kalifunika kitambaa, anangoja liumuke
kama mimi ninavyongoja mawingu.
Hakuwa na haraka. Nami sikuwa nayo.
Hatua ya ishirini na tatu nikauliza swali langu
na kwa mara ya kwanza likajibiwa waziwazi:
anaitaka ngome. Basi na aichukue.
Farasi wangu akaruka. Shaha!
Mfalme huku, malkia kule,
wote wawili kwenye uma mmoja.
Nilipiga usukani kwa kiganja, honi ikalia,
mbwa wa kina Asbjørn akanijibu.

Ndipo redio ikakoroma: Gunnvor, ng'ambo ya handaki pamefunga,
ambulensi imekwama.

Saa ya mchezo haijui ambulensi.
Niliitia simu mfukoni, nikashusha jembe.

Nilipoitoa ilikuwa saa nne asubuhi,
mwanga ule wa buluu usio na jua,
vidole vimekufa ganzi.
Umeshindwa kwa muda. Alama nane zimekwenda.
Chini yake ujumbe wa mwokaji, umetafsiriwa ovyo:
Bibi, ulikuwa unanila. Mkate wangu mmoja umeungua.

Niliusoma mara tatu.
Theluji niliyoisukuma usiku ule
ilikuwa nyingi kuliko alama nane.
Nikavua glavu ya pili, nikamwandikia:
kesho, saa yako ya unga.