Ukurasa wa Ningu

Nimekalia kreti la soda, mwaloni Igombe,
rula mapajani, kalamu sikioni.
Wa nyavu nawajua: wanashuka na kelele na ndoo.
Ninyi wa ndoano mnarudi kimya kama wakwe.

Masatu, nimeuona mkia.
Umechungulia chini ya koti lako.
Usimbane kwapani.
Sikuombi samaki, wala sidai ushuru;
mwenye ushuru ni Bugingo, na leo kaenda msibani.
Nataka urefu, siku, na upande uliomtoa.
Jiwe lenyewe usilitaje,
sema tu "karibu na mto", yatosha.

Ningu.
Litamke.
Mwanangu wa darasa la tano alipolisikia
alidhani ni tusi.

Zamani masika yakijaza mto walipanda kwa maelfu,
mama akawaanika juu ya mawe yote nyuma ya nyumba,
paka wakanenepa hadi wakasahau panya.
Kisha watu wakaziba mdomo wa mto kwa nyavu,
wakavua mama na mayai tumboni,
jina likabaki halina samaki.

Mnasema: tukisema, watafunga maji.
Mnasema: tukisema, Kayenze yote itahamia hapa.
Labda. Siwezi kuwaapia.
Ila kule wanakopanga mambo ya ziwa
wanasoma daftari, hawasomi makoti.
Msichosema kinaandikwa sifuri,
na sifuri haijawahi kupata mtetezi.

Nami niseme langu.
Wa kwanza kurudi nilimwona mimi,
mwaka juzi, mwezi wa tatu,
kwenye ndoo ya shemeji yangu Lukonge:
midomo minene kama ya mtoto anyonyaye.
Nilimnunua. Nikamtia ndimu na nyanya,
tukamla mpaka kichwa.
Alikuwa na mayai.

Tazama ukurasa wa siku ile. Mweupe.
Mara mbili nimeshika kalamu niujaze;
urefu siukumbuki,
nakumbuka utamu.

Haya, mlaze hapa. Nyoosha mkia, usimvute.
Ishirini na nne na nusu.
Hiyo nusu nayo naiandika.
Jina lako nisiliweke? Sawa, naandika "mvuvi".

Mchukue, mkewe Masatu anasubiri moto.
Na kesho ukimpata mwingine, mdogo hata kama kidole,
hata ukimrudisha majini,
piga mluzi ukiwa bado mbali.
Nitaishusha kalamu.